Mafuriko yameingia stoo ya vyakula: kipi kinaokoka, kipi kinateketezwa, na utaratibu ukoje?

MsimamiziStoo

Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo wa wanaojua masuala ya ukaguzi wa afya.

Stoo yetu ya jumla iko Dar, pembezoni mwa bonde la Msimbazi. Maji ya masika yaliingia usiku na kukaa mpaka asubuhi. Alama ukutani ni sentimita 55 kutoka sakafuni. Mtaro wa jirani ulifurika pia, kwa hiyo si maji ya mvua matupu, harufu ya choo ipo.

Mzigo wote uko juu ya chaga zenye kimo cha sentimita 15, isipokuwa nusu ya unga ambayo iko sakafuni:

- mchele mifuko 320 ya kilo 25, tabaka kumi kwenda juu
- unga wa ngano mifuko 140 ya kilo 25
- sukari mifuko 60 ya kilo 50, tabaka sita
- mafuta ya kula madumu 90 ya lita 20, yamebebana mawili mawili
- katoni za nyanya za kopo na samaki wa kopo
- maji ya chupa, soda za kioo na za plastiki, maziwa ya boksi
- friza mbili za kuku

Afisa afya wa kata amefika, amefunga mlango na kutuachia notisi kwamba kitu kisitoke mpaka ukaguzi kamili ufanyike. Bosi anataka kujua: kipi kinaweza kuokolewa? Kinachoharibika kinateketezwa wapi na kwa gharama ya nani? Na tusipokubaliana na afisa, inakuwaje?

Afisa_Mazingira

Pole mkuu. Nianze na swali la mwisho kwa sababu ndilo linaloamua mengine.

Notisi ya kuzuia mali siyo hukumu ya kuteketeza. Inasema tu mali isiuzwe, isihamishwe wala isichanganywe. Kuteketeza kunahitaji mojawapo ya mawili: mwenye mali akubali kwa maandishi, au mamlaka iende mahakamani kuomba amri. Kwa mzigo uliolowa maji ya choo hakuna mwenye akili anayesubiri mahakama, maana kila siku inayopita harufu inaongezeka na gharama ya kubeba inapanda. Ubishi uwekeeni yale ya mpakani, yaani mali iliyokuwa juu ya alama ya maji. Hapo mna haki ya kuomba sampuli ichukuliwe mbele yenu, igawanywe mafungu matatu na yote yapigwe lakiri: moja maabara, moja kwa afisa, moja kwenu.

Mamlaka zenyewe: afisa afya yuko chini ya halmashauri na anafanya kazi kwa Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Usalama wa chakula kitaifa uko TBS (Shirika la Viwango) tangu Julai 2019, ulipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa). TMDA ya sasa ni dawa na vifaa tiba, msipeleke barua huko kama wengi wanavyofanya mpaka leo. Barua yenu ya kuomba ukaguzi na uteketezaji iende kwa Mganga Mkuu wa Jiji au Manispaa, nakala TBS, nakala ofisi ya kata. Gharama zote ni za mwenye mali: gari, vibarua, kijiko cha kuchimbia shimo, ada ya dampo. Malipo ya serikali yanalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Akija mtu anataka mkononi, huyo hajatumwa.

Sasa mali yenyewe. Chukueni chaki, pigeni mstari wa sentimita 55 kuzunguka kuta zote, na kila rundo lipigwe mstari huo huo kwa rangi. Kazi yote inayofuata inategemea mstari huu, kwa hiyo upigwe kabla hamjahamisha hata mfuko mmoja na upigwe picha.

Mchele: chaga 15, mfuko wa kilo 25 uliolala una unene wa kama 15. Maji yamefika mpaka ndani ya tabaka la tatu. Tabaka la nne nalo linaondoka, kwa sababu mchele unavuta maji kwenda juu na mifuko ya juu imekuwa ikikandamiza ile iliyolowa. Kwa hiyo tabaka nne kati ya kumi, mifuko 128. Iliyobaki 192 ndiyo ya kuhoji na kupima.

Unga: mimi ningeandika wote. Unga ukilowa unatengeneza ganda gumu pembeni, ukipasua katikati unakuta mkavu na mweupe kabisa, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Lile ganda limechuja maji, halikuchuja vimelea wala harufu. Hata mifuko ya juu isiyoguswa na maji inavuta unyevu na harufu ya chumba kwa muda mfupi sana. Mkitaka kupigania mifuko ya juu kabisa mnaweza, lakini sidhani kama thamani yake inafikia usumbufu.

Sukari: mfuko wa kilo 50 una unene wa kama sentimita 20. Tabaka mbili zimelowa, la tatu linaondoka nazo. Mifuko 30. Msidanganywe na mfuko wa nailoni ulioko ndani, umekunjwa na kushonwa tu juu, haukuzibwa.

Mafuta hapa mna bahati kidogo. Dumu la lita 20 lina kimo cha sentimita 38 hadi 40. Safu ya chini, juu ya chaga, imezama mpaka kizibo, au karibu na hapo. Hiyo inaondoka yote. Safu ya juu imelowa kitako tu, kizibo kiko mbali na maji. Hayo 45 yanaoshwa, yanapanguswa kwa klorini na kukaushwa, yanabaki. Mtu asiwaambie kwamba dumu la chini ni zima kwa sababu halionyeshi maji yaliyotuama chini ya mafuta. Maji yakiwa mengi mtayaona yametengana, yakiwa vijiko viwili hamtayaona, na vijiko viwili vya maji ya mtaro vinatosha.

Vinywaji vyote vilivyozama vinaondoka: kizibo cha kuzungusha, kizibo cha bati cha soda ya kioo, boksi la maziwa. Uchafu unaingia kwenye mzingo wa kizibo na hakuna namna ya kuusafisha bila kufungua. Kuku vilevile, friza ikizama hakuna cha kuuliza kama bado wana barafu. Suala la barafu ni kwa friza iliyokatikiwa umeme tu. Hapo nyama iliyobaki chini ya nyuzi 4 au yenye barafu ndani inaweza kugandishwa tena.

Makopo ya bati ndiyo pekee yanayoweza kuokolewa hata yakizama, kwa masharti. Toeni kwanza yote yaliyovimba, yanayovuja, yenye kutu isiyotoka kwa kitambaa, yaliyobonyea kwenye mshono wa juu, chini au ubavuni, na yenye bonyeo lenye ncha kali. Kopo likibonyezwa upande mmoja likatokeza upande wa pili, hilo ni la kutupa pia hata kama halionekani limevimba. Yenye pete ya kuvuta tupeni, mkwaruzo wa ule mfuniko unashika uchafu na ni mwembamba mno kuamini.

Yaliyopita yanafanyiwa hivi, na mfuatano ni muhimu:

1. Nakili jina la bidhaa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda wake.
2. Bandua lebo ya karatasi yote, pamoja na gundi. Tope hujificha hapo.
3. Osha kwa sabuni na brashi, hasa kwenye mkunjo wa mfuniko. Suuza kwa maji safi.
4. Zamisha dakika 15 kwenye klorini ya miligramu 200 kwa lita. Kwa ndoo ya lita 20 ni mililita 115 za dawa ya kufulia yenye klorini ya asilimia 3.5, au gramu 6 za unga wa klorini wa asilimia 65.
5. Kausha mara moja, hewani. Bati lenye klorini likiachwa na maji linashika kutu upesi.

Wanakosea hatua ya nne kwa kuruka ya tatu. Klorini inamalizwa na tope kabla haijafika kwenye bati, na maji yakishakuwa ya kahawia mnazamisha makopo kwenye uchafu wenye harufu ya Jik. Badilisheni maji mapema kuliko mnavyodhani. Na msichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi, gesi inayotoka inaua watu ndani ya stoo iliyofungwa.

Kuosha kopo siyo kibali cha kuliuza. Bila lebo halina jina wala tarehe kwa mnunuzi. Mkaguzi lazima aandike kwamba ameridhika, na mwenye bidhaa akubali kuweka lebo upya yenye namba ileile ya toleo. Kwa katoni chache haifai kabisa.

MsimamiziStoo

Asante sana mkuu, umenifungua macho. Kuna mfugaji ameshasikia, anataka ile mifuko 128 ya mchele kwa ajili ya nguruwe na kuku wa mayai. Anasema ataianika kwenye turubai. Bosi ameshawishika kidogo, maana ni tani 3.2. Je inaruhusiwa?

Bambo_na_Mizani

Hapana, na sababu siyo urasimu.

Mchele mkavu uko kwenye unyevu wa asilimia 13 mpaka 14. Uliozama unapanda zaidi ya 25. Kwa joto la Dar na ndani ya mfuko uliofungwa, kuvu wanaanza ndani ya siku moja au mbili, na rundo lenyewe linapata moto. Ingiza mkono katikati ya mfuko ulioachwa siku tatu utaelewa. Kuanika kwenye turubai kunaondoa maji, hakuondoi sumu iliyokwisha tengenezwa. Sumukuvu (aflatoksini) haifi kwa jua, haifi kwa kuchemsha, na haifi kwa kukaanga kwa kawaida.

Kwa mifugo ndiyo kabisa. Sumukuvu hizi zilijulikana duniani mwaka 1960 baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza kwa chakula kilichotengenezwa kwa mashudu ya karanga. Kuku wanaokula kidogo kidogo hawafi, wanashuka utagaji na ini linaharibika. Ng'ombe wa maziwa anaipitisha kwenye maziwa. Na hapo bado hatujagusa vimelea vya maji ya choo, ambavyo nguruwe anaweza kuvirudisha kwa binadamu.

Kwa watu: mwaka 2004 Kenya ilikuwa na wagonjwa 317 na vifo 125, hasa Makueni na Kitui, kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Sisi mwaka 2016 tulipoteza watu Dodoma na Manyara kwa namna hiyohiyo. Nafaka ile haikuzama mafuriko, ilikuwa na unyevu tu.

Jambo la pili ni njia ya mchele wenyewe. Mchele ulioanikwa ukakauka haujulikani kwa macho. Ukishatoka getini kama chakula cha nguruwe, hakuna anayeweza kuapa kwamba hautarudi sokoni ukiwa umechanganywa na mwingine. Ndiyo maana mkaguzi makini hatakubali utoke kwenye stoo ukiwa na sura ya chakula.

Sasa hiyo mifuko 192 ya juu. Ihamisheni chumba kikavu chenye hewa, juu ya chaga nyingine, mbali na ukuta kama nusu mita. Msiirundike tabaka kumi tena, tano zinatosha mpaka ipimwe. Sampuli: kwa mafungu ya zaidi ya mifuko 100, idadi ya mifuko ya kuchoma kwa bambo (chuma chenye mfereji cha kutolea sampuli) ni kipeuo cha pili cha jumla, kwa hiyo mifuko 14. Chagueni bila upendeleo, lakini mimi ningeongeza mifuko yote ya tabaka la tano, maana ndilo lililokalia lililolowa. Bambo liingie juu, katikati na chini ya kila mfuko. Mkichoma juu tu mnapima hewa ya chumba.

Kipima unyevu kiwekwe kwenye mpangilio wa mchele, siyo wa mahindi. Kosa hili ni la kila siku, na linaweza kukupa tofauti ya asilimia mbili, yaani tofauti ya kupita na kufeli. Mfuko wowote uliozidi 14 utengwe. Yakibaki mashaka, changanyeni sampuli ndogo zote, sagieni pamoja na kupeleka kilo kadhaa maabara kupima sumukuvu. Msipeleke kiganja kimoja kutoka mfuko mmoja: sumukuvu hukaa kwa mabaka, mfuko huu safi, wa pili umejaa. Kiwango cha Afrika Mashariki kwenye nafaka kama mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na 5 kwa aina ya B1 peke yake.

Dampo_na_Tipa

Naongezea upande wa uteketezaji wenyewe, maana hapo ndipo mambo huharibika baada ya karatasi zote kuwa safi.

Kwanza msahau kuchoma. Kila mtu anasema "tutachoma", lakini mchele uliolowa ni maji na wanga. Matanuru ya hospitali ni madogo, yamejengwa kwa taka za matibabu, na mzigo wenye maji unashusha joto la chumba chini ya nyuzi 850. Matokeo yake ni moshi mzito na mabaki yaliyoiva nusu. Kuchoma wazi ni kosa la mazingira, plastiki za mifuko zinatoa moshi wa sumu, na makopo yaliyofungwa yanalipuka kama fataki. Wasimamizi wa mazingira (NEMC) wakiona moshi mtajibu kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na hapo mtakuwa na kesi mbili.

Kwa Dar mnazungumzia kufukia kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi, chini ya usimamizi. Hesabu ya ujazo: mchele tani 3.2 ni kama mita za ujazo 4, unga tani 3.5 ni zaidi ya 6 kidogo, sukari tani 1.5 ni karibu 2. Ukiongeza katoni, makopo mabovu, vinywaji na nafasi kati ya mifuko, fikirieni mita 20 hivi. Tipa moja ya magurudumu kumi inaweza kuonekana inatosha kwa ujazo ikawa imezidi kwa uzito. Tumieni safari mbili.

Yaharibuni kabla hayajapakiwa, siyo kule. Mfuko uliopasuliwa na kupakwa rangi hauna soko njiani. Mfuko mzima wenye nembo una soko hata gari likisimama kwenye foleni. Na hapa watu wanakosea: wanamwaga chokaa. Chokaa nyeupe juu ya unga mweupe na mchele mweupe! Haionekani, mtu anapepeta na kuondoka nayo. Chokaa ni ya harufu na nzi, inyunyizwe kwenye shimo. Ya kuharibia iwe rangi ya kuyeyusha kwenye maji, bluu au kijani, kwa ndoo, ikolee mpaka mchele wa ndani ubadilike, pamoja na ile dawa nyeusi ya fenoli inayogeuka maziwa ikiingia majini. Harufu yake haiondoki hata ukiosha mara tatu. Mafuta ya taa msitumie. Dampo lina gesi na moto wa chinichini.

Makopo yatobolewe kila moja kwa sururu au panga, au katapila iyapite mara kadhaa kabla ya kufunikwa. Kopo zima chini ya udongo ni akiba ya mtu atakayerudi usiku na koleo. Chupa za maji zimwagwe na zibanwe, lebo zitoke, la sivyo zinajazwa upya. Chupa za kioo za soda ni mali ya msambazaji, zungumzeni naye azichukue tupu pamoja na kreti.

Mafuta lita 900: msimwage mtaroni, yanaganda na kuziba, na mtaro uliofurika ndio umewaletea haya. Omba kibali cha maandishi yaende kwa watengeneza sabuni wanaotambulika, yakiwa yametiwa rangi kabla ya kutoka getini na madumu yakirudi kukatwa. Kibali kikikataliwa, yachanganywe na pumba au maranda mpaka yasitiririke, ndipo yafukiwe.

Mpangilio wa shimo: kuku wa friza chini kabisa, chokaa, kisha nafaka, kisha mengine, na udongo wa mita moja ushindiliwe siku hiyohiyo kabla katapila haijaondoka. Shimo lililoachwa wazi mpaka kesho ni karamu ya kunguru na mbwa, na kwa joto letu nzi anatoka yai mpaka mkubwa ndani ya siku saba hadi kumi. Sukari iliyoyeyuka msiipeleke karibu na maji, inavuta nyuki na nzi na inaozesha mfereji mzima. Kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini angalau mita moja na nusu, na wakati wa masika hilo ni la kuangaliwa kwa macho, siyo la kudhani.

Vibarua wavae mabuti ya mpira, glavu nene na barakoa. Kwenye maji hayo kuna mkojo wa panya, na mtu mwenye kidonda mguuni anaweza kupata homa ya mgunda.

Mhasibu_Kkoo

Upande wa vitabu, kuna mtego ambao hauonekani mpaka siku ya mkaguzi wa kodi.

Mchele uliolowa unaongeza uzito, hata asilimia 30. Mifuko yenu 128 kwenye leja ni kilo 3,200, lakini mizani ya dampo inaweza kusoma zaidi ya 4,000. Mkiandika cheti cha uteketezaji kwa uzito wa mizani, hesabu zinagoma: mmeteketeza kingi kuliko mlichonunua. Kwa hiyo orodha iende kwa idadi ya mifuko, uzito wa kwenye lebo, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, bei ya kununulia na sababu ya kukataliwa. Tiketi za mizani, gari tupu na gari likiwa na mzigo, ziambatanishwe kama ushahidi wa safari tu.

Bima: kama mna bima ya mali, mkadiria hasara aje *kabla* hamjapasua mfuko wa kwanza. Notisi ya afisa afya haizuii mtu kuingia kuangalia na kupiga picha, inazuia mali kutoka. Ombeni hilo kwa barua ya aya mbili, afisa anakubali. Angalieni pia kile kifungu cha mabaki: kampuni ikilipa, mabaki ni yake, na kuna wanaotaka kuyauza kwa mnada. Chakula kilichokataliwa na afisa afya hakina mabaki ya kuuzwa. Nakala ya ripoti ya ukaguzi iwafikie mapema.

TRA wapelekewe barua ya taarifa kabla ya siku ya uteketezaji, na nakala yenu iwe na mhuri wa kupokelewa. Wakituma mtu, sawa, asaini. Wasipotuma, ule mhuri ndio kinga yenu. Kutoa barua baada ya kufukia ni sawa na kutokutoa. Siku yenyewe kila ukurasa wa orodha usainiwe na afisa afya, mwakilishi wa TBS kama yupo, mtendaji wa kata na nyinyi. Ukurasa wa mwisho peke yake hautoshi, kurasa za katikati hubadilishwa.

Pwani_Afya

Nikiwa upande wa Mombasa, naona tofauti ni majina tu. Huku tunatumia Sura 242 ya Afya ya Umma na Sura 254 ya Vyakula, Dawa na Kemikali, na tangu ugatuzi wa 2013 maafisa wa afya ya umma wako chini ya kaunti. Mwenye mali akitia sahihi ya kukubali, chakula kinaharibiwa. Akikataa, afisa anakwenda kwa hakimu.

Ninachotofautiana kidogo na Afisa_Mazingira ni makopo. Kwa maji yenye choo ndani na kwa biashara ya jumla, huku tunayaondoa yote. Kule kuosha kunafaa nyumbani kwa mtu au kwa shehena kubwa yenye usimamizi wa kiwanda. Nani atasimama juu ya vibarua kuhakikisha dakika 15 ni dakika 15 kwa kila ndoo?

Afisa_Mazingira

Sipingani na wewe, ndugu. Ndiyo maana nimesema kwa katoni chache haifai. Zikiwa katoni mia tatu za toleo moja, mwenye kiwanda yupo na meza ya kuoshea imepangwa, nitakaa nao. La sivyo yaende shimoni.

MsimamiziStoo

Nimewaelewa wakuu wote. Mfugaji tumemjibu hapana, na barua zinaandikwa leo. La mwisho: baada ya mzigo kutoka, stoo yenyewe inatakiwa kufanywa nini ili lakiri iondolewe?

Afisa_Mazingira

Tope litolewe kwa koleo kwanza, lisisukumwe na maji kwenda mtaroni. Kisha osheni kuta na sakafu kwa sabuni na brashi mpaka sentimita 30 juu ya ule mstari wa chaki, suuzeni, ndipo klorini ya asilimia 0.2: ndoo ya lita 20 inataka kama lita 1.15 za ile dawa ya asilimia 3.5, au gramu 60 za unga wa asilimia 65. Iache dakika 10, isuuzwe, milango na madirisha yafunguliwe. Umeme usiwashwe mpaka fundi aangalie soketi zilizo chini ya alama.

Chaga za mbao ndizo zinazowakwamisha wengi kwenye ukaguzi wa kurudia. Mbao imekunywa yale maji, ikionekana kavu juu ndani bado inavuja. Anikeni juani zikiwa zimesimama, siyo zimelala, na zile zilizopasuka au zenye weusi wa kuvu zitupwe. Mkaguzi atakwaruza moja kwa kisu mbele yenu. Mkinunua mpya, chukueni za plastiki zenye kimo cha sentimita 15 au zaidi, na zipangwe nusu mita kutoka ukutani ili mtu apite kufagia na panya waonekane. Mashimo ya panya yazibwe kwa zege kabla mzigo mpya haujaingia, maana maji yakipanda wao huhamia juu ya marundo.